Paji la Uso la Mutua

Usiniamini kama hutaki, lakini niko na akili zangu timamu, na jambo hili lilinipata kazini, hapa hapa Machakos mjini, jioni moja ya mvua.

Mimi hupiga wagonjwa picha kwa mashine ya skani. Ndani ya mfupa wa paji la uso, juu kidogo ya nyusi, watu wengi tuna vijumba vya hewa, na umbo la vyako halifanani na la mtu mwingine, hata awe pacha wako. Nilikuwa nikivichunguza kwa ajili ya shahada yangu ya pili, na nilivipenda kama wengine wanavyopenda mpira.

Ndivyo nilivyomtambua Mutua. Alizama katika bwawa la Masinga, na mwili ulipopatikana haukuwa tena na sura. Mkewe, Ndunge, alikataa katakata. "Huyo si wangu," alisema. Lakini Mutua aliwahi kuja kwetu akiugua mafua yasiyoisha, na picha yake tulikuwa nayo. Nikailinganisha na ya maiti. Alikuwa yeye, akazikwa. Ndunge hakusadiki. Kila jioni aliendelea kumwekea mezani sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa.

Sasa sikiliza. Jioni hiyo ya mvua aliingia mzee mwembamba, mgeni kabisa kwangu. "Daktari, niko na maumivu hapa," akasema, akigusa paji la uso. Nikamlaza kwenye mashine, nikaenda chumba cha pili kwenye kompyuta.

Picha ilipotokea, moyo ulinidunda. Kushoto, umbo kama jani lenye ncha tatu. Kulia, kadogo kama punje ya mbaazi. Ningelisahau vipi? Nikafungua picha ya Mutua, nikaziweka moja juu ya nyingine. Hazikuachana hata kidogo. Unadhani niliogopa? Wapi. Nilirukaruka mle ndani kwa furaha. Watu wawili, nyuso mbalimbali, vijumba vile vile. Nani amewahi kuona?

Nikamkimbilia. "Mzee wangu, unajua kuna mtu mnafanana naye ndani ya kichwa?"

Alikuwa bado amelala, akiangalia dari. "Hakuna mtu mwingine," akasema polepole. "Mwambie Ndunge aache kuniwekea chakula. Harufu ya muthokoi inanirudisha, na mimi nimechoka."

Sikuwa nimemtajia jina la mtu yeyote. Niligeuza kichwa kumwita Mbithe, muuguzi wa mapokezi. Nilipotazama tena, kitanda kilikuwa kitupu. Mlango ni mmoja tu, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama hapo. Mbithe ndiye aliyempokea, na picha zote mbili ameziona.

Asubuhi nikafunga safari hadi Ekalakala, nyumbani kwa Ndunge. Ndunge alinisikiliza bila kunikatiza.

"Alisema muthokoi?"

"Ndiyo, dada."

Akainamia meza akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Jioni hiyo hakuweka sahani.

Profesa wangu anasema nilinakili picha moja mara mbili. Simlaumu. Mimi bado nasisimka nikizitazama, ila siku hizi siwashi ile mashine mpaka Mbithe aje tukae wote. Na wewe, kama kuna marehemu unayemngoja kila jioni, mwachilie aende. Huenda kichwa kinamuuma.