Panya Wenye Masikio Mekundu

Nilipokuwa nasomea shahada ya pili, nilitaka kujua ploti yetu ya nyumba za kupanga kule Njiru ina panya wangapi. Huwezi kuwahesabu wote. Unawanasa baadhi wakiwa hai, unawatia alama, unawaachilia, kisha baadaye unatega tena. Wengi wakirudi na alama, basi panya ni wachache. Alama zikikosekana, ni wengi kupindukia.

Niliwapaka rangi nyekundu ya kucha masikioni nikawafungulia palepale kwenye mapipa ya taka, majirani wakinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nikapita nyumba hadi nyumba nikiwasihi wasiwaue wenye alama. Wote waliitikia vizuri. Kwetu jirani haambiwi hapana usoni, na hilo nililijua tangu utotoni.

Nilipotega tena, mitego ilijaa panya, lakini sikuona hata sikio moja jekundu. Kwa hesabu yangu, ploti ile ndogo ilikuwa na panya wasio na idadi. Nilipiga ndoo teke. Nikailaumu rangi, nikamlaumu aliyeniuzia, nikailaani shahada yenyewe.

Mama wa nyumba ya pembeni, aliyekuwa akifua pale bombani, akaniita kwa upole.

"Daktari, mbona unajisumbua? Wale wako tulishawamaliza. Hiyo rangi imetusaidia sana, wanaonekana kutoka mbali."

Akajipangusa povu mikononi, akaniangalia kwa huruma.

"Sasa tupakie rangi wengine."