Mwalimu Aliyetaka Kumtoroka Daktari wa Meno

Jumanne nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wagonjwa katika kliniki ya meno hapa mjini Machakos, kando ya mwalimu mstaafu kutoka Mwala. Alikuwa akiongea huku amefunika mdomo kwa kitambaa. Alinieleza kwamba miezi mitatu sasa hawezi kutafuna mahindi ya muthokoi wala nyama, anakunywa uji tu. Meno yalikuwa yameoza, naye aliona haya kumwonyesha mtu.

Mlango ukafunguliwa. Daktari, mwanamke wa miaka thelathini hivi, akamkodolea macho.

"Mwalimu! Si wewe ulinifunza darasa la nne?"

Mzee akasimama wima. "Samahani, nimekosea mlango," akasema, akielekea kwenye ngazi.

Daktari akamshika mkono. "Mwalimu, kila Jumatatu ulikuwa unatukagua meno. Yangu yalikuwa meusi kama makaa. Ulinicheka?"

"Hapana."

"Uliniambia nini?"

Mzee akafikiri kidogo. "Nilikuambia ufungue mdomo vizuri, nione tutakusaidia vipi."

"Basi sasa ni zamu yangu."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee naye akacheka, mdomo wazi, akaingia.

Alitoka baadaye na pamba shavuni, jino moja limeng'olewa na mawili yamezibwa, akatuinulia kidole gumba.

Aliyefuata ni mimi, na nilikuwa nimeshatunga kisingizio cha kwenda nyumbani. Lakini benchi zima lilikuwa linanitazama. Kumbe haya nayo ina faida: siku hiyo niliona haya kutoroka.