Tisheti Arobaini za Brigid

Kwa miaka mitatu nimekana, leo nakiri: sikuwa na karatasi yoyote. Mama mkwe wangu, Maureen, aliponiuliza kama nina hakika na lile jina, nilimjibu kwamba nimelisoma kwa macho yangu, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimelisoma kichwani mwangu.

Mama ana zaidi ya miaka themanini, anaishi Riverside, Buffalo, na kabla hajafa alitaka kitu kimoja: jina la mwanamke aliyebaki Ayalandi siku mwanawe, yaani babu yake Mama, alipoondoka. Babu hakuwahi kumtaja, na Mama (anayekumbuka siku za kuzaliwa za mtaa mzima) aliona aibu kumwombea mtu asiye na jina.

Mimi ndiye msomi wa ukoo, nikajitolea. Nikakaa jikoni kwangu Louisville na orodha ya watoto wa babu: binti wa kwanza Brigid, wa pili Honora. Nikacheka peke yangu, maana sisi Wakikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, na nilishasikia kwamba Waayalandi nao hurithisha majina kama sisi, basi mama ya babu ni Brigid, kazi imekwisha. Kumpigia Anti Kathleen, dada mkubwa wa Mama, sikuona haja, kwa sababu niliambiwa (na mtu asiyemtembelea) kwamba amesahau kila kitu.

Tukaenda Buffalo kwenye karamu ya ukoo tukipitia Columbus kwa binamu yangu Wambui anayechapa tisheti, nikachukua arobaini za kijani, kifuani zimeandikwa kwamba sisi ni watoto wa Brigid. Ukumbini kila mtu alivaa, hata padri, akamwombea Brigid, Mama akalia kwa furaha. Ndipo Anti Kathleen akaletwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akasoma kifua kimoja, akasoma cha pili.

"Nani kawavalisha yule mwanamke?"

Akatueleza, bila kubabaika, kwamba Brigid alikuwa mama mkwe wa babu, aliyemfungia mlango mwaka mzima kwa kuwa babu alikuwa na jozi moja tu ya viatu. Na kwamba kwao Ayalandi binti wa kwanza ni wa mama ya mke, wa pili ndiye wa upande wa mume. Jina la mama yake mwenyewe babu hakumtajia hata yeye. Nikakunja mikono kufunika kifua changu, lakini vilibaki thelathini na tisa.

Nilingoja Mama anikaripie. Akasimama, akaivua tisheti aliyoivaa juu ya blauzi yake, akaigeuza nje ndani, akaivaa tena.

"Geuzeni, tule," akasema, na ukumbi mzima ukageuza. Sijaona mwanamke aliyemfichia mtu aibu vizuri hivyo.

Kesho yake nikaandikia parokia ya kule Ayalandi, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo, nikaweka namba ya Mama. Wiki mbili baadaye akanipigia.

"Njeri, karani wa parokia amenisomea kitabu cha ubatizo. Ni Honora." Akalirudia polepole, kama anayejaribu meno mapya. "Kwenu jina la huyu ndilo angepewa binti wa kwanza?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kwenu mnajua kupanga. Ila siku nyingine, piga simu kwanza."