Maji Aliyoyapika Josephina

Kazi aliyokuwa akiifanya Josephina kwao, Kibondo hakupatikana mtu wa kuiamini. Walifika mwaka 1972, yeye na mumewe Marcel, na binti yao Uwimana akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Walitoka Bujumbura wakapitia milimani kwa miguu. Wenyeji wakawauliza kama wanavyoulizwa wageni wote: huko mlikuwa mkifanya nini? Marcel akasema yeye ni fundi baiskeli, na kesho yake tu akaonyeshwa mahali pa kukaa pale sokoni. Josephina akasema yeye alikuwa akitunza samaki.

"Kuvua?"

"Hapana, kutunza. Wanakaa ndani ya masanduku ya vioo. Unawapa chakula, unawabadilishia maji."

"Wakinenepa mnawala."

"Hawaliwi hao. Wanapandishwa ndege, wanapelekwa Ulaya. Huko watu wanawaweka sebuleni, wanawaangalia."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini akishika mbavu. Samaki kupanda ndege, na wao wametembea siku nne! Josephina naye akacheka, maana kwa kweli lilikuwa jambo la kuchekesha ukilisema ukiwa umesimama kwenye shamba la mihogo. Akashika jembe. Miaka minne alilima maharage, na asubuhi za Jumamosi alipitisha kapu la mboga na parachichi kwenye nyumba za watumishi wa serikali.

Ndivyo alivyokuja kubisha hodi, mwezi wa nne mwaka 1976, kwa Mwalimu Mwanaamina.

Mwanaamina alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu wa Tanga, aliyehamishiwa Kibondo akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Alifungua mlango akiwa ameshika sahani, na juu ya sahani kuna samaki wawili wadogo wenye milia ya njano, wamekufa.

Josephina aliwatazama wale samaki kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu anayeuza mboga.

"Umewatoa kwenye mawe ya ziwani hawa," akasema. "Mwalimu, unawaweka kwenye maji gani?"

Mwanaamina akashangaa, kisha akasogea pembeni ampishe. Ukutani, juu ya meza, lilikuwapo sanduku la kioo lenye urefu wa mkono mzima, limeunganishwa kwa pembe za chuma na paki, ile gundi ya kushikia vioo vya madirisha. Ndani yake mchanga, mawe mawili, na maji matupu. Akaeleza. Alipokuwa mdogo shangazi yake alikuwa akimchukua, maji ya bahari yakikupwa, kwenda kuangalia matumbawe, na kila tundu lilikuwa na kiumbe chake. Alitaka wanafunzi wake wa milimani waone kitu kama kile. Bahari iko mbali, lakini Ziwa Tanganyika halikuwa mbali hivyo. Amekwisha kwenda Kigoma mara mbili. Samaki wa kwanza aliwatia kwenye maji ya kisima, wakafa ndani ya siku tatu. Wa pili akawatilia chumvi ya kupikia, konzi mbili, akidhani wanataka maji kama ya bahari. Hao ndio waliokuwa kwenye sahani.

"Sanduku hili nimelitengea meza katika chumba cha sayansi, na Mwalimu Mkuu ameniambia mwisho mwezi huu," akasema. "Anataka pale pawe na mfano wa kizimba cha kuku."

Josephina aliweka kapu chini. "Una sabuni?"

Kwenye debe lililobaki jikoni kulikuwa na maji kidogo ya ziwa, aliyowabebea samaki safari ile ya pili. Josephina alimimina maji ya ziwa kwenye bakuli moja na ya kisima kwenye jingine, akasugua kipande cha sabuni ya mche katika kila bakuli. Maji ya kisima yalijaa povu mara moja, jeupe, likapanda mpaka ukingoni. Ya ziwa yaligoma. Alisugua, akasugua, yakatoa utando wa kijivu na povu la kuhesabika.

"Unaona? Ya kisima ni matupu. Mvua imepita kwenye udongo mwekundu, haikuokota kitu. Ya ziwa yamekaa na mawe miaka na miaka, yameshiba. Samaki huyu amezaliwa kwenye maji yaliyoshiba. Ukimtia kwenye haya matupu ni kama kumvua ngozi."

Mwanaamina alikwenda chumbani mbio, akarudi na kikasha cha karatasi za kupimia alizopewa chuoni. Akachovya moja kwenye maji ya kisima, ikawa ya njano. Akachovya nyingine kwenye maji ya ziwa, ikageuka bluu yenye ukijani. Aliziweka mbili hizo sambamba kwenye kiganja, akamtazama Josephina.

"Mama Uwimana, umejifunza wapi haya?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne mtu kumwuliza swali hilo akitaka jibu. Josephina alikaa kwenye kigoda akasimulia mpaka mboga zikanyauka: nyumba ile ndefu ya Bujumbura yenye masanduku ya vioo mia na ishirini, patroni wake, tajiri wa Kizungu aliyekuwa akiandika kila kitu ila akisahau kula, na namna alivyomfundisha kutengeneza maji ya ziwa mahali ambapo ziwa halipo, ili wateja wa mbali waweze nao kuyatengeneza.

"Basi tuyatengeneze," akasema Mwanaamina.

Sanduku likahamishiwa chumba cha sayansi shuleni, wakaanza kuyapika. Josephina mwenyewe ndiye aliyeiita kazi hiyo kupika, na neno likabaki. Kwanza alitaka chokaa isiyochomwa. Wanafunzi wa darasa la sita wakatumwa kuokota makombe ya konokono mashambani, wakaleta ndoo nzima. Yakaoshwa, yakatwangwa kwenye kinu, yakachanganywa na mchanga wa chini. Pili magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Tatu chumvi, lakini chembe tu, si konzi. Nne ikawa ile iliyomtoa Josephina jasho, chumvi ya haluli, maana ilikuwa hospitali, na hospitali alikuwapo Kipriani.

Kipriani alikuwa mtoa dawa, mtu mwema lakini mwenye sauti ya mnadani. Dirishani kulikuwa na foleni.

"Haluli ya nini, mama? Nani hajapata choo?"

"Samaki," akasema Josephina.

Foleni yote ikageuka. Ikabidi aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo Kipriani alivyozidi kuinamia dirisha. Alipofika kwenye jambo la mwisho, kwamba patroni wake alikuwa akitia tone moja la aidini kwa juma, tone moja tu kwa sanduku zima, yule mtoa dawa aliacha kutabasamu.

"Tone moja?"

"Moja. Ukizidisha unaua. Usipotia kabisa, wanapoteza rangi, wanadhoofu."

"Wenye rovu ninaowaona hapa, mama, shingo zimewavimba kwa kukosa hicho hicho. Kitu kidogo kuliko punje ya ulezi." Akafunga haluli kwenye karatasi, akaongeza kichupa cha aidini na kipande cha mpira wa dripu ambao Josephina hakuuomba. "Huu utakufaa kwa hewa. Nami nitakuja kuona."

Ule mpira Marcel ndiye aliyeujulia kazi. Alichukua tyubu ya baiskeli, akaijaza upepo mpaka ikavimba kama chatu aliyeshiba, akaunga mpira wa dripu kwenye valvu, akaubana kwa kibano chake mpaka upepo ukawa unatoka punje moja moja ndani ya maji. Tyubu moja ilitosha kwa muda wa saa sita. Darasa likapangiana zamu ya kupiga pampu, na ikawa zamu ya kugombewa.

Siku ya tano karatasi ya kupimia ilitoka na rangi ileile ya ziwa. Sabuni ikagoma kutoa povu. Josephina alichovya kidole, akaonja, akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Ni yenyewe," akasema. "Mwalimu, ni yenyewe kabisa!"

Safari ya tatu ya Kigoma walikwenda pamoja. Walirudi na samaki tisa, na siku tatu zikapita, zikapita kumi, mwezi ukaisha, na samaki wakabaki tisa. Rangi zao zilikolea. Walichimba mchanga, wakagawana mawe, wakafukuzana. Watoto waliwapa majina ya walimu, na jina la Mwalimu Mkuu Bazilio wakampa yule mnene asiyependa wenzake kupita mbele ya jiwe lake. Bazilio alipopata habari alikuja kumkagua huyo somo wake, akakaa nusu saa. Neno la kizimba cha kuku halikusikika tena. Badala yake alisema, "Hawa wanakwenda kwenye maonyesho ya Saba Saba, Kasulu."

Juma moja kabla ya safari, jike mmoja aliacha kula. Koo lilimvimba. Mwanaamina alimfuata Josephina shambani akihema, akamwambia yule amepata ugonjwa, wamtenge.

Josephina alikuja, akainama, akatazama. "Huyo haumwi. Ana watoto mdomoni."

"Anawala?"

"Anawalea. Mayai aliyaokota, ameyafunga humo. Hatakula mpaka wawe tayari. Mwacheni tu, msimshtue."

Msimshtue! Na mbele yao kulikuwa na barabara ya Kasulu, nusu siku ya mashimo na vumbi la mwezi wa saba. Walisafiri nyuma ya lori la mahindi, samaki ndani ya madebe mawili yaliyofunikwa kwa vitenge vibichi. Josephina alikaa katikati, mkono mmoja kwenye kila debe, na kila lori liliporuka alitoa sauti kama yeye ndiye aliyefungwa watoto kinywani. Marcel alipiga pampu mpaka viganja vikafanya malengelenge. Walipofunua Kasulu, wote tisa walikuwa wazima, na yule jike midomo ameibana.

Siku ya maonyesho watu walijaa. Walikuja wa Nyakitonto na wa Muyama, walikuja wanafunzi na masista, na wazee waliosema wamekula samaki maisha yao yote na hawajawahi kutazamana na samaki uso kwa uso. Samaki walikuwa wamerudishwa ndani ya sanduku la kioo, na Josephina alisimama nyuma ya meza yake akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mwanzoni alijibu kwa sauti ndogo. Kufika saa nne alikuwa anasema kama mwalimu, anaonyesha magadi, anaonyesha haluli, anapitisha bakuli za sabuni watu wasugue wenyewe.

Ndipo jike akafungua mdomo.

Alitoka mmoja, mdogo kama punje ya mtama, mwenye macho. Kisha wawili. Kisha wakamiminika wote kwa pamoja, kumi na saba, wakatanda mbele ya uso wa mama yao.

"Anatapika watoto!" alipiga kelele mtu, na huyo mtu alikuwa Mwalimu Mkuu Bazilio. "Jamani, anatapika watoto wazima! Njooni muone!"

Watu walisukumana, meza ikayumba, Marcel akaikumbatia. Kelele zikamtisha jike. Akapanua mdomo, na watoto wote wakarudi ndani mbio kama kuku waingiao bandani. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Walitaka arudie. Alirudia alipopenda yeye, baada ya saa nzima, na watu walikuwa bado wanangoja.

Zawadi ya kwanza waliichukua watu wa mahindi, kama ilivyostahili, maana yalikuwa mahindi ya ajabu. Kibondo wakapata ya pili: majembe matatu na karai. Usiku hata lori lilipoharibika njiani hakuna aliyenuna.

Mwezi wa tisa shule ilimwajiri Josephina kutunza chumba cha sayansi, na barua yake ya kazi aliitundika ukutani pembeni ya msalaba. Mwaka uliofuata hospitali moja ya Kasulu iliomba sanduku kama lile kwa ajili ya wodi ya watoto. Alikwenda mwenyewe akifuatana na Uwimana, na yeye mama amebeba debe la samaki wadogo waliozaliwa Kibondo ambao ziwa hawajapata kuliona. Wauguzi walimpokea, wakampa chai, wakamwuliza aanzie wapi.

"Nionyesheni jiko," akasema Josephina, akiwa tayari anakunja mikono ya gauni. "Na mniletee sabuni."