Mwanamume Aliyekuja Kupima Sinema

Mimi simwamini mtu anayepima kitu bila kusema anakipimia nini. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomwona kijana mgeni akivuta utepe kwenye ukuta wa sinema yetu hapa Kakamega, nilifunika njugu zangu kwa gunia nikamkazia macho.

Sinema ilikuwa imefungwa kitambo. Video zilikuja, kila kibanda kikaweka televisheni na mabenchi, watu wakalihama jumba. Mimi sikuhama. Hapo barazani, kando ya dirisha la tiketi, nilikuwa nimekaa na karai langu la njugu tangu kifungua mimba wangu ananyonya. Shule mimi niliionja tu, nikatolewa kulea wadogo zangu. Lakini watoto wangu wote wamesomeshwa na baraza ile. Aliyegusa ukuta ule alikuwa amegusa karai langu.

Watu walidhani sijui sinema kwa vile nilikaa nje. Nilizijua zote, kwa masikio. Filamu ikiwa mbaya, walitafuna. Ungesikia maganda yakipasuka humo ndani kama ng'ombe wameingia kwenye mabua ya mahindi. Ikiwa nzuri, kimya, na njugu zilitoka nje zikiwa bado mfukoni. Filamu nzuri zilinitia hasara. Mimi nilizipenda mbaya.

Na mvua yetu ya alasiri unaijua. Ikianza kupiga mabati, hakuna aliyesikia watu wa kwenye kitambaa wanasema nini. Basi kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, alikaa mbele kabisa. Mvua ikikolea, alisimama akawatafsiria wenzake kwa Kiluhya, na Kihindi cha filamu zile hakujua hata salamu. Mrembo akilia, fundi alisema ameunguza ingokho, kuku wa wageni, na wakwe wamefika langoni. Jumba zima lilicheka. Nimesikia vicheko vingi maishani, vile vya mvua sijavisikia tena.

Sasa huyu na utepe wake.

"Wewe kijana," nilimwita, "unampimia nani jeneza?"

Alivua kofia. Akainamisha kichwa, akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya nguzo. "Mulembe, mama," akasema. Aliiambia nguzo, si mimi.

Mtu mzima anayesalimia nguzo, utamwaminije?

Nikaanza kumchunguza. Wafanyakazi wake walinunua njugu kwangu, yeye alimtuma mtu. Akitaka kuingia jumbani hakupita barazani, alizunguka nyuma, akaruka mtaro wa maji machafu na viatu vyake safi. Halafu siku moja mvua ikashuka. Kila mtu akakimbilia baraza yangu, wauza mitumba, watoto wa shule, hata mbwa. Yeye akabaki barabarani, utepe mkononi, akilowa kama mnazi usio na akili. Nafasi ilikuwepo, nikamwonyesha kwa mkono. Akatazama chini.

"Dada," akaniambia jirani yangu muuza ndizi, "mtu akikuogopa hivyo, ameshakula kitu chako. Umebaki kujua ni kipi tu."

"Ni hii baraza," nikamwambia. "Anajua kitu, na hataki nikisome usoni."

Hata binti yangu wa mwisho akaanza kunitia wasiwasi. Yeye ndiye aliyeniletea chakula cha mchana. Zamani alikileta kimepoa, akinung'unika. Sasa kilifika cha moto, nywele amezipaka mafuta, na kila nikimtaja yule kijana ananijibu haraka, "Mama, achana naye, anafanya kazi yake." Nikajiambia, huyu naye amenunuliwa.

Kisha mlinzi wa jumba akaninong'oneza kwamba tingatinga linakuja. Nikafuta mikono kwenye leso, nikashuka barazani, nikamfuata yule kijana mbele ya watu wote.

"Leo utanipa mkono," nilisema, "na utaniambia usoni mtanipeleka wapi."

Nikamnyooshea mkono. Akatoroka! Mwanamume na ndevu zake, anakimbia kuzunguka sinema, utepe unamfuata chini kama mkia. Na mimi nyuma yake. Wenye mitumba wakashangilia: "Mshike, mama! Kata kona!" Nilikuwa nimebakisha kidogo nimdake shati niliposikia binti yangu akipiga kelele, sahani ya chakula mkononi:

"Mama, usimguse! Huyo ni mkwe wako!"

Nilijifunika uso kwa leso nikakaa pale pale kwenye vumbi. Muuza ndizi alicheka mpaka akakalia ndizi zake.

Kwetu, mama na mume wa bintiye hawashikani mikono. Hawatazamani usoni, wala hawasimami chini ya paa moja wakabanana. Kumbe yeye na binti yangu walikuwa wamekubaliana wenyewe kuoana, nyumbani hajaletwa, na yeye kwa malezi mazuri ameshaanza kushika adabu ya ukwe. Kijana alikuwa akiniheshimu siku zote zile, ila mimi sikuwa nimeambiwa kwamba naheshimiwa.

Aibu niliiona, sikatai. Lakini swali langu lilikuwa bado halijajibiwa, na aibu haikaangi njugu. Nikamwomba mlinzi anifungulie chumba cha tiketi. Nikaketi ndani, kwenye stuli ya mkata tiketi. Lile dirisha lilikuwa limepakwa rangi, huoni mtu, chini tu kuna tundu la kupitisha mkono. Yeye akasimama nje, akaligeuzia mgongo.

"Uko hapo?"

"Niko, mama."

"Baraza yangu?"

"Inaenda, mama. Yote. Tajiri mwenye jumba anajenga maduka."

"Na mimi?"

"Hakukuwekea mahali. Nilimuuliza, akasema wa barazani si wapangaji."

"Ulijua lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesimama wapi nikuambie, mama? Nilimtuma binti yako akuambie."

Binti yangu akasema kutoka nje, sauti ndogo: "Niliogopa utaniuliza nimejulia wapi."

Kwa hiyo sikuwa nimekosea. Nataka hilo liandikwe wazi, maana muuza ndizi alieneza soko zima kwamba mimi ni mwendawazimu niliyemfukuza mkwe. Adabu ilikuwa adabu, na baraza ilikuwa imeuzwa. Yote mawili yalijificha nyuma ya nguzo moja.

"Mama," akasema, "kulinusuru jumba siwezi. Lakini mbao na madirisha ya humu ni yangu, ndivyo tulivyopatana na tajiri. Omba unachotaka."

Nilifikiri nitalia. Badala yake nikagonga mbao iliyokuwa mbele yangu.

"Nataka hili ulilolipa mgongo."

Siku ya kubomoa nilikwenda nikasimama ng'ambo ya barabara. Ukuta wa kitambaa ulianguka wa kwanza. Walipovunja sakafu ya mbao yalitoka maganda ya njugu, maganda juu ya maganda, yamekuwa meusi kama udongo. Wafanyakazi waliyapiga koleo bila kujua ni ya nini. Mimi nilijua. Zilikuwa zile filamu mbaya zote.

Dirisha liko Shirere, kwenye kibanda changu karibu na vyumba vya wanafunzi. Mkwe alikijenga siku ambazo sikuwepo, kama inavyotakiwa. Wajukuu zangu wanatia mikono kwenye tundu, "Kukhu, tupe njugu!", na yule msichana mkubwa anaongoza darasa lake, tena anapima kila kitu kwa kamba. Hilo najua amelitoa wapi.

Ila mimi bado nina neno moja moyoni. Mwenye jumba hakutaka kelele za mwanamke mzee barazani, na mwanamke mzee hampigii mkwe kelele. Mambo yalimnyookea sana yule kijana. Akija kununua njugu, anasimama nje, mgongo dirishani, mkono tu ndio unaoingia. Siku moja niliuzuilia njugu zake, nikamuuliza:

"Niambie ukweli. Pale sinema, ulianza kuona nini, ukuta au binti yangu?"

Nilisikia akicheka huko nje.

"Mama," akasema, "leo njugu umezikaanga vizuri."

Nikampa zake. Sikumwongezea hata moja.