Kionjo Kilivuka

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, mtaa mzima unamwita Mama Onja, na jina hilo nilimpa mimi. Si kwa sababu ya mapishi, maana kwenye mapishi simsifii. Ni mtu asiyeamini kitu mpaka akijaribu kidogo. Akinunua rangi ya ukuta, atapaka kipande nyuma ya mlango na kusubiri ikauke. Ukimwomba sufuria, kwanza atakuazima mwiko aone kama utarudi. Nilimcheka sana kwa hilo, maana mawifi tusipochekana tutafanya nini?

Lakini tabia hiyo ndiyo iliyompa ulaji. Kibanda chake kina meza, feni inayolia na simu mbili, na kazi yake ni kuvusha sarafu za kidijitali. Sarafu hizo hukaa kwenye mitandao mbalimbali, wenyewe wanaiita minyororo, na iliyo kwenye mnyororo mmoja haihamii mwingine hivihivi. Lazima ipite kwenye daraja, yaani tovuti inayoifungia sarafu yako upande huu na kukutolea ya thamani ileile upande wa pili. Daraja likiwa la matapeli, huku inafungiwa, kule hakitoki kitu, na hakuna wa kumlilia.

Nyuma ya kibanda kuna karakana ya mafundi cherehani. Mnunuzi wao wa ng'ambo huwalipa mwisho wa msimu kwa sarafu hizo, tena kwenye mnyororo ambao sarafu zake hapa kwetu hazina mnunuzi. Wifi ndiye huwavushia. Hafungui kiungo alichotumiwa na mtu, hata kikitoka kwangu. Hufungua daraja kwa alama, yaani anwani ya tovuti aliyoihifadhi mwenyewe kwenye simu, kisha hutuma kionjo, kiasi kidogo tu, na kusubiri akione upande wa pili. Kikifika, ndipo hutuma kilichobaki. Hakuna fundi aliyewahi kupoteza hata senti mikononi mwake, na alijivunia hilo kuliko kitu chochote.

Msimu ule nilikuwepo. Mafundi walibanana mlangoni kwa vicheko, mmoja akisimulia viatu alivyokwisha kumchagulia mwanawe. Wifi akatuma kionjo. Kikavuka. Akawaonyesha, wakapiga makofi. Akatuma kilichobaki.

Hakikufika. Tulisubiri, feni ikilia, yeye akifungua na kufunga pochi ya upande wa pili, ile ya simuni zinakoingia sarafu. Fundi mkuu, mama mmoja mpole, akauliza, "Mtandao unasumbua, eh?" Wifi akamwonyesha pochi: kionjo peke yake.

Mafundi waliondoka, mmoja akilia, mwingine akimwita mwizi mbele za watu. Hapo ndipo wifi alipoikagua ile alama. Jina lilikuwa lilelile na rangi zilezile, lakini ilimpeleka kwenye tovuti nyingine kabisa.

"Wifi," akaniambia, "tapeli wa kawaida humeza chochote unachomtumia. Huyu ameacha kionjo kipite. Kuna mtu kamwambia kwamba mimi naanza na kidogo."

"Mtaa mzima unajua hilo."

"Mtaa mzima haujui namba ya siri ya simu yangu."

Nikaikumbuka Jumapili iliyotangulia. Kaka yangu alikuwa kwenye kochi na simu ya mkewe, eti imekuwa nzito, anaifutia takataka. Nilikuwa hapohapo na kikombe changu cha chai, nikamtania wifi, "Mwenzetu umepata mume, sisi tumepata wapangaji." Tulicheka wote watatu, na kaka ndiye aliyecheka zaidi.

Nilitangulia nyumbani kwao, nikamkuta kaka uani anafua shati, mtu ambaye hajawahi kufua hata leso.

"Umemfanya nini mkeo?"

Hakuinua macho. "Dada, kuna watu waliniahidi mgawo nikiibadilisha ile alama. Nilitaka na mimi niwe na biashara yangu. Nimechoka kuitwa mume wa Mama Onja."

"Na huo mgawo uko wapi?"

"Walinipa kidogo kwanza, nikaamini. Sasa wamezima simu."

Nilimmwagia ile ndoo ya maji na shati lake. Tumezaliwa tumbo moja, nimembeba mgongoni, na siku ile nilimwonea haya. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia yote. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na begi la nguo za mumewe, akaliweka juu ya ngazi, akafunga mlango.

Kesho yake aliwaita mafundi, akawaambia waziwazi kwamba aliyewaibia ni mumewe na kwamba atawalipa yeye. Aliuza simu moja, akauza kabati na lile kochi. Mpaka leo anawalipa kidogo kidogo. Wengine wamerudi kwake, ila yule aliyemwita mwizi hapiti hata mbele ya kibanda.

Juzi tu nilikuwa naye kibandani, simu ikalia. Kuna sarafu zilizoingia kwenye pochi yake, kiasi kidogo sana, kisha ukafuata ujumbe wa kaka: "Nisamehe. Hiki ndicho walichonipa. Niruhusu nirudi nyumbani."

Wifi aliusoma, akanipa nami nikausoma. Kisha akajibu, nikimwona anavyoandika: "Kionjo kimefika. Nasubiri kilichobaki."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakucheka.

"Na kikifika chote," nikamuuliza, "utamrudisha?"

"Kikifika nitawapa mafundi, ni chao." Aliigeuza simu kifudifudi mezani. "Wifi, unanicheka kwa kuanza na kidogo, hata kwenye rangi ya ukuta. Kaka yako peke yake nilimkabidhi kila kitu siku ya kwanza."

Akajifuta macho kwa kiganja, akamwita mteja aliyekuwa anasubiri nje.