Misingi Iliyojificha Majanini

Niliing'oa dira yangu ya maji ukutani kwa spana, nikaifuta vumbi, nikaifunga kwenye kipande cha kitambaa cha mteja, nikaenda nayo kwenye mkutano wa mtaa. Gari la matangazo lilikuwa limepita mtaani kwetu Itetemia likisema wataalamu wanakuja kuzungumza nasi kuhusu dira ya maji. Mimi na kidato cha nne changu, Kiswahili nilichofaulu vizuri, sikukumbuka kwamba dira si ile mita tu, ni mtazamo wa mbele pia. Nikajua mita zinakaguliwa.

Mhandisi alikuwa mama wa makamo aliyevaa buti. Akakitazama kifurushi changu.

"Baba, hiyo umeing'oa?"

"Nimeing'oa, mama. Si mmesema dira?"

"Tumesema dira ya miaka ishirini ijayo. Hiyo hairuhusiwi hata kuguswa."

Mkutano mzima ukacheka. Jirani yangu, bibi anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu, akaniombea radhi kwa namna yake: "Msameheni, huyu huwa hatoki. Hapa alipofika leo kwake ni safari."

Kweli. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na mjini naenda uzi ukiisha.

Basi ramani ikatandikwa juu ya boneti ya gari. Mstari wa bluu ulikuwa bomba kubwa linaloleta maji kutoka ziwani. Mwekundu ulikuwa bomba jipya la kata yetu, litakalotosha mji ukikua. Nikaufuata kwa kidole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Ukapita shuleni, ukapita msikitini, ukaishia pale. Huku kwetu juu, ambako maji hutoka alfajiri kama mtu anayelazimishwa, palikuwa peupe.

"Na sisi wa juu?" akauliza bibi, ambaye kila siku hupandisha ndoo kutoka kisima cha bondeni, na magoti yake yameshakataa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na sisi wa juu?"

"Tunapanga kwa kuangalia watu watakaokuwepo, bibi. Picha za angani zinaonyesha nyumba chache. Kwingine kote ni majani."

Hapo nikasimama, nikasahau aibu ya spana.

"Mama, hayo si majani. Hiyo ni misingi."

Kwetu mtu hajengi nyumba. Anajenga msingi, kisha anasubiri tumbaku ikubali shambani, apate pesa ya kuta. Isipokubali, msingi unaota majani mpaka mbuzi wanasahau kwamba pale pana mawe. Mhandisi akanitazama, akachukua kalamu na ramani. "Nionyeshe."

Nikawatangulia, mimi nisiyetoka. Nikawa nafunua majani kwa mguu.

"Huu wa mkulima wa Goweko. Ana wake wawili, kwa hiyo andika nyumba mbili."

"Na huu?"

"Wa mzee wa reli, yuko stesheni ya Tura. Anastaafu karibuni. Mabati ameshanunua, yako kwa shemeji yake."

"Ya mabati umeyajuaje?"

"Yalipita mbele ya cherehani yangu."

Akacheka, akatia nukta. Nikampeleka kwingine, na kwingine tena, nukta zikajaa kama upele. Watu wa misafara waliopita hapa zamani walituzidi akili: walitafuta maji kwanza, ndipo wakatua mizigo. Sisi tunatua mizigo, tunachimba msingi, tunazeeka, kisha tunauliza maji yako wapi. Lakini siku ile nilijiona kiongozi wa msafara, jasho linanitoka na hata njaa siisikii.

Tuliporudi kwenye gari, mhandisi akaitandika tena ramani, akachukua penseli, akaurefusha ule mstari mwekundu kutoka msikitini hadi juu kwetu. Mwishoni akatia alama ya kuuliza. Akazitazama tena zile nukta, akaifuta.

"Napeleka hivi ofisini," akasema. "Na ukubwa wa bomba tutaupiga hesabu upya."

Nikageuka kwa bibi, kifua mbele, nikingoja japo ahsante. Alikuwa ameinama juu ya ramani, kidole chake kwenye ule mstari wa penseli, wala hakuinua kichwa.

"Usijidanganye, fundi. Hukuwa unahesabu misingi, ulikuwa unachungulia watu. Bahati yetu umbea wako umepata kazi."